Kidole kimezoea gitaa, udi haukitaki

Mwanafunzi wa udi: Wakuu, salaam. Nimepiga gitaa miaka 15, sasa najifunza udi hapa Unguja. Shingo ya udi haina vipande vya chuma vya kukuonyesha pa kukanyaga. Kwenye bayati, mpangilio mmoja wa sauti za muziki wa Kiarabu, kuna sauti ya pili inayokaa katikati ya sauti mbili za gitaa, gitaa haina sauti hiyo. Mbele ya mwalimu naipata. Nikifika nyumbani, baada ya isha, kidole kinapanda juu palepale pa gitaa, kama punda aliyeshika njia ya zizini. Ubongo haufuti?

Fiziolojia: Mkuu, miaka 15 umekifundisha mwenyewe! Seli za neva zinapokutana huacha mwanya mdogo, sinepsi. Seli moja humwaga kemikali, glutameti, nyingine huipokea. Kwa anayepokea kuna mlango uliozibwa na magnesiamu. Glutameti ikifika wakati seli hiyo imeshachangamka, kizibo hutoka, kalsiamu huingia kwa wingi, na vipokezi vingine huongezwa hapo. Safari ijayo ujumbe uleule unapokewa kwa nguvu zaidi. Watafiti Bliss na Lømo waliandika kuhusu kuongezeka huku kwa nguvu 1973, kutokana na majaribio ya sungura kule Oslo: walisisimua neva kwa umeme, na sinepsi zikabaki na nguvu kwa saa nyingi. Sinepsi haijui bayati wala gitaa. Inajua kilichorudiwa.

Mwanafunzi wa udi: Basi nikirudia sahihi tu, la zamani litakufa?

Fiziolojia: Kuna kudhoofika pia. Kalsiamu ikiingia kidogokidogo kwa muda, vipokezi huondolewa. Kwa kazi za mikono tazama ubongo mdogo, ule wa kisogoni. Masao Ito na wenzake, Japani, 1982, walionyesha kuwa nyuzi za neva zinazopanda kutoka shina la ubongo zikisisimuliwa pamoja na nyuzi nyingine, sinepsi za hizo nyingine hudhoofika. Wengi huona nyuzi hizo zinazopanda ndizo zinazoleta habari ya kosa. Kwa hiyo lisikie kosa lako. Ukipiga mbio, linapita hujalisikia.

Mama Kanuni: Mwanangu, iimbe kwanza hiyo sauti, ndipo ukanyage. Na gitaa litoe chumbani. Ukiliona tu, mkono unajua pa kwenda.

Mwanafunzi wa udi: Shikamoo mama. Gitaa nimelipeleka kwa shemeji. Jana nimeimba, nikakanyaga polepole: mara 9 sawasawa. Ya 10 simu ikalia, kidole hicho, juu!

Mama Kanuni: Marahaba. Na simu ipeleke kwa shemeji.