Naomba ushauri: neno gani la Kiingereza kwa kikundi kilichosimama kwa muda?

Wakuu, habari zenu. Naandika barua ya Kiingereza kwa mfadhili kwa niaba ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Vikao tumevisimamisha hadi mavuno yapite. Fedha ipo, wanachama wapo. Katibu anataka "suspended", mimi nahofia mfadhili atadhani tumefungiwa na serikali. "Defunct" ndiyo kabisa, hiyo ni kutuzika! Naegemea "dormant" (iliyolala), kama wanavyoiita volkano ya Kibo ya Kilimanjaro, tofauti na Mawenzi na Shira zilizozimika moja kwa moja. Ila benki nazo huita hivyo akaunti isiyoguswa muda mrefu. "In abeyance" (kusitishwa kwa muda) naiona ya wanasheria, yafaa haki na kanuni kuliko watu. Mliozoea barua hizi, mngeandika lipi? Au nieleze tu kwa sentensi nzima?