Tupeane uzoefu: siku uliyoona dini ikizuia damu isimwagike

Mwana wa Muheza
Wakuu, habari za wakati huu. Kila mwaka tunawaona viongozi wa dini wamekaa meza moja, kanzu kwa kola, wanazungumzia amani ya dunia. Sidharau. Papa Yohane Paulo II alipowakusanya wa dini zote Assisi mwaka 1986 lilikuwa jambo kubwa. Ila leo nataka tuzungumze ya huku chini, uliyoyaona wewe. Siku mambo yalipotaka kuharibika, mtu wa dini alifanya nini? Au hakufanya? Habari ya dini ipi ni bora tuiache nje, tafadhali.

Naanza. Kwetu ni Wakristo. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa mzee Muislamu, fundi baiskeli, na tangu nipate akili ndiye baba aliyemwita kuchinja kila Krismasi na kila shughuli. Akichinja yeye tunakula wote. Tukichinja sisi, nusu ya mtaa itakula wali mtupu. Alikuja na kisu chake kimeviringishwa kwenye kipande cha kanga kuukuu, anakinoa upya kwenye jiwe la mlangoni hata kama ni kikali tayari, anamlaza mnyama kuelekea kibla, anasoma bismillahi. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kushika miguu.

Mwaka 2013 mambo yakachafuka Kanda ya Ziwa kwa ugomvi wa nani achinje. Buseresere, Geita, mchungaji akauawa. Maneno yakafika hadi kwetu. Vijana wa kanisani wakasema sasa basi, kila mtu achinje chake. Upande wa pili nako wakamwambia mzee aache kwenda kuwachinjia watu wasiomtaka. Baba alikuwa mzee wa kanisa, akabanwa kikaoni. Usiku ule alirudi hakula, hakuongea.

Alfajiri ya Pasaka tukasikia hodi. Mzee kasimama na kisu chake ndani ya kanga, na nyuma yake yupo imamu wa msikiti, ambaye hakuwa na desturi ya kuja. Hakuhutubu. Alikaa kwenye kigoda pale uani karibu na njia, akanywa chai mpaka mbuzi anaisha kuchunwa, na kila aliyepita akamsalimia kwa sauti ya kusikika. Watu wakaona. Mchana mtaa mzima ulikula kwetu.

Mwalimu wa Kaskazini
Asante ndugu. Mimi natoka Kitui, nimefundisha shule ya msingi Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya mpakani na Somalia. Waliokuwa kule wanaijua tarehe 22 Novemba 2014. Basi la kwenda Nairobi lilisimamishwa, abiria wakatengwa kwa dini, wakauawa watu 28, wengi wao walimu waliokuwa wanaenda nyumbani likizo. Wenzangu wengi walikataa kurudi. Mimi nilirudi kwa sababu ya mkopo wa sacco na, niseme ukweli, kwa sababu ya mama mwenye nyumba.

Alikuwa Msomali, Kiswahili chake cha kuungaunga. Jioni moja aliniita jikoni, akanikalisha kwenye mkeka, akanifundisha kufunga hijabu vile wanavyofunga wao, ikabana kidevuni na kushuka mpaka kiunoni. Alinifunga na kunifungua mara nne mpaka nikaweza peke yangu bila kioo. Halafu akanipa ile nguo na kuniambia ikae juu kabisa kwenye mkoba, nisije nikaitafuta. Akasema nikiwa ndani ya gari mimi ni binti yake.

Nilidhani ni huruma ya mama mmoja. Tarehe 21 Desemba 2015 basi la kwenda Mandera likavamiwa karibu na El Wak. Waislamu waliokuwa ndani waliwapa wanawake Wakristo hijabu wajifunike, na walipoamriwa wajitenge wakagoma: waue wote au waache wote. Mwalimu Salah Farah, Muislamu, alipigwa risasi, akafariki Nairobi Januari 2016. Sikuwa kwenye basi lile. Lakini niliposikia habari ya hijabu nilikaa chini nikalia, maana nilijua ujasiri ule haukuzaliwa barabarani. Ulitoka majikoni.

Mtoto wa Gulu
Mniwie radhi Kiswahili changu, nilijifunza Nairobi.

Nilikuwa na miaka tisa mwaka 2003. Waasi wa Kony walikuwa wanateka watoto usiku, kwa hiyo kila jioni tulitembea kutoka kijijini hadi mjini Gulu, kaskazini mwa Uganda, kulala, asubuhi tunarudi shule. Watoto maelfu. Mimi na dada yangu tulikuwa na gunia moja. Mvua ikinyesha tunaingia ndani yake wote wawili, miguu inabaki nje. Tulilala kwenye veranda za maduka na kwenye kituo cha mabasi.

Mwezi wa sita wakaja wakubwa wa dini. Askofu Mkuu Odama wa Wakatoliki, Askofu Ochola wa Waanglikana, Sheikh Musa Khalil na wenzao. Tulizoea wageni wanaokuja kupiga picha na kuondoka kabla giza halijaingia. Hawa waliondoka asubuhi. Usiku wa pili wakarudi. Wa tatu. Wa nne. Walilala chini kama sisi. Sikuongea nao, nilikuwa mbali, lakini dada aliniambia, "Leo tulale tu, hata askofu yupo."

Nilipokuwa mkubwa ndipo nikajua Ochola alishapoteza mke wake kwa bomu la kutegwa ardhini mwaka 1997, na bado alikuwa anadai watoto waliotekwa na kufanywa askari wasamehewe warudi nyumbani. Umoja wao ulipigania sheria ya msamaha, ikapita mwaka 2000. Kuna waliokasirika, na hasira yao naielewa. Lakini binamu yangu alirudi kwa sheria hiyo. Leo ana gereji.

Kijana wa Ilala
Nauliza kwa nia njema. Je, haya si ya mtu mmojammoja mwenye roho nzuri? Dini yenyewe imefanya nini hapo?

Mtu wa Kilimani
Ndugu wa Ilala, swali lako nimelibeba miaka thelathini. Mimi ni Mnyarwanda. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, watu wetu walikimbilia makanisani kwa sababu miaka ya nyuma, fujo zikianza, kanisani palikuwa salama. Safari hii makanisa ndiyo yakawa mahali pa kukusanyiwa. Wazazi wangu waliingia kanisani hawakutoka. Mimi nilifichwa na familia ya Kiislamu Nyamirambo, mtaa wa Kigali, chini ya kitanda cha bibi mmoja. Alikuwa anaswali juu ya mkeka ulioziba mwanya wa kitanda, nikisikia paji la uso wake linagusa sakafu karibu na kichwa changu. Akimaliza ananisukumia chakula.

Baada ya vita sikuingia kanisani. Hata kwenye harusi nilikaa nje. Niliposikia ya Nyange nilichanganyikiwa zaidi. Kanisa la Nyange lilibomolewa kwa buldoza Aprili 1994 watu wakiwa ndani, na padri wa parokia alihukumiwa na ile mahakama ya Arusha kifungo cha maisha mwaka 2008. Mahali hapohapo, Machi 1997, watu wenye silaha waliingia shule ya sekondari usiku wakawaamuru wanafunzi wajigawe, Wahutu huku, Watutsi kule. Watoto wakakataa, wakasema wao ni Wanyarwanda. Wakapigwa risasi na mabomu ya mkono. Mwezi uliofuata, kwa jirani zetu Burundi, waseminari wadogo wa Buta waliamriwa vilevile wakakataa vilevile. Arobaini waliuawa.

Kwa hiyo sikuambii dini inaleta amani. Nakuambia nimeona dini ileile ikifundishwa kwa namna mbili. Padri mmoja mzee aliniambia kosa lao lilikuwa kuhesabu waliobatizwa na kusahau kuwauliza wanachukiana vipi. Sijasikia kiongozi mwingine akisema hivyo mbele yangu. Tangu siku hiyo nimeanza kuingia, nakaa benchi la mwisho.

Mwana wa Muheza
Pole sana, kaka. Nimesoma mara mbili.

Mwalimu wa Kaskazini
Pole, ndugu yangu. Yule bibi Mungu ampe pepo.

Mmakonde wa Masasi
Naomba niwatetee kidogo wa mezani, maana mke wangu ni wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, na nyumba yake ililia kwa vita vya serikali ya Frelimo na waasi wa Renamo kuanzia 1977. Watu kama milioni moja walikufa. Amani ile ilisainiwa Roma tarehe 4 Oktoba 1992, Rais Chissano na Dhlakama mkuu wa Renamo, baada ya miaka miwili ya mazungumzo kwenye nyumba ya jumuiya ya walei Wakatoliki, Sant'Egidio. Hawakuwa na jeshi wala fedha ya kumtisha mtu. Walikuwa na subira, na walikuwa na Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira, Mndau kama Dhlakama, aliyekwenda mwenyewe porini kuonana naye vita vikiwa bado vinawaka. Ukiongea na mtu kwa lugha ya mama yake anakusikia tofauti.

Halafu mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, Askofu Dinis Sengulane akiwa mbele, likaanza kubadilishana na watu: leta bunduki uliyoifukia, chukua jembe, baiskeli au cherehani. Fundi aliyemshonea mke wangu gauni la harusi alikuwa na cherehani ya namna hiyo. Nimeikalia karibu nikisubiri nguo, cherehani nyeusi ya kukanyaga, na yule bwana aliniambia imetoka kwenye AK mbili.

Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado inawaka tena, na wanaochoma vijiji wanajiita watu wa dini. Mama mkwe yuko kwangu sasa hivi. Ni Muislamu. Anasema wale vijana walipokuja kuhubiri msikitini kwao, miaka kadhaa kabla ya risasi ya kwanza, wazee waliwafukuza na kupeleka taarifa serikalini, ila hakuna aliyewasikiliza. Linamuuma kuliko nyumba iliyoungua.

Kijana wa Ilala
Nimejibiwa. Asanteni. Mwana wa Muheza, yule mzee wa kisu yupo?

Mwana wa Muheza
Alifariki mwaka 2019. Baba alikuwa hawezi kutembea vizuri, wakambeba kwenye kiti hadi makaburini, akamwaga mchanga kwa mkono wake. Kisu kiko kwa mwanawe, dereva wa bodaboda. Juzi mdogo wangu alikuwa na kipaimara, akaja mapema kabla hajaenda kijiweni, kanga ni ileile.