Nyumba za jadi na tetemeko la ardhi: tuziimarishe au tuzivunje?

Mtoa hoja

Hoja ninayoiweka mezani ni hii: katika maeneo yanayotikiswa na matetemeko, fedha za umma zitumike kwanza kuimarisha nyumba za jadi ambazo watu wanaishi ndani yake leo, badala ya kungoja ziporomoke ndipo zigawiwe ruzuku za kujenga nyumba za zege. Kwa nyumba za jadi nakusudia zile zilizojengwa na mafundi wa mahali husika kwa udongo, mawe, miti au mchanganyiko wa hivyo, bila ramani ya mhandisi.

Husemwa kila mara kwamba udongo ndio unaoua, lakini yaliyoonekana baada ya matetemeko makubwa hayakubaliani moja kwa moja na kauli hiyo. Tetemeko la Agosti 17, 1999, kaskazini-magharibi mwa Uturuki, liliangusha maghorofa mengi ya zege, ilhali nyumba nyingi kuukuu za fremu za mbao zilizojazwa matofali, zinazoitwa himış, zilibaki zimesimama jirani yake, zikiwa na nyufa na lipu iliyobanduka. Huko Kashmir, baada ya tetemeko la Oktoba 8, 2005, watu wa vijijini walirudia wenyewe ujenzi wao wa dhajji dewari, ambao ukuta wake hugawanywa kwa vipande vya mbao katika visehemu vidogo vinavyojazwa mawe na tope, kiasi kwamba nguvu ya mtikisiko humalizikia katika misuguano midogo mingi badala ya kufungua ufa mmoja mkubwa. Mamlaka za Pakistan, ambazo mwanzoni ziliidhinisha miundo ya matofali na zege, zilikuja kuukubali ujenzi huo nao ukastahili ruzuku. Ikiwa mwenye nyumba tayari anaishi ndani ya kuta zinazoweza kusaidiwa, sioni kwa nini msaada usubiri maafa.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mtoa hoja, umechagua mifano inayokufaa. Himış na dhajji ni nyumba za mbao zilizovikwa mawe na udongo, na mbao ndizo zilizookoa watu. Wengi walio hatarini hawaishi humo. Wanaishi katika nyumba za matofali mabichi au za mawe yaliyopangwa kwa tope, zisizo na ubao hata mmoja ndani ya ukuta. Kuziita zote kwa jina moja kunaficha tofauti ambayo ndiyo kiini cha mjadala.

Tuutazame mji wa Bam, nchini Iran, Desemba 26, 2003. Tetemeko la ukubwa wa 6.6, ambalo si miongoni mwa makubwa kabisa duniani, liliua watu wapatao 26,000 au zaidi. Zege linapoanguka mara nyingi huacha mapengo ambamo mtu anaweza kuishi hadi waokoaji wafike, lakini matofali mabichi husagika na kurudi kuwa udongo, yakajaza kila nafasi, na wengi hufa kwa kukosa hewa katikati ya vumbi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Bam. Nchini Morocco, Septemba 8, 2023, vijiji vya milima ya Atlas vilivyojengwa kwa mawe na udongo vilikumbwa na hali inayofanana na hiyo, na waliokufa walikaribia 3,000.

Hofu yangu kubwa zaidi ni usalama wa kudhaniwa. Mtu akishaambiwa kwamba nyumba yake imeimarishwa, atalala humo bila wasiwasi, ataongeza chumba cha juu, na mikanda ya mbao iliyofichwa chini ya lipu italiwa na mchwa bila yeye kujua. Ni heri fedha hizo zianzishe nyumba mpya, hata ndogo, ambayo tunajua itasimama.

Mchangiaji wa pili, kwa upande wa ufundi

Naomba tuangalie ukuta wenyewe kabla ya kuuhukumu. Udongo na mawe huvumilia kubanwa, lakini havivumilii kuvutwa. Ardhi inapotikisika, nguvu inayoupata ukuta hulingana na uzito wake, na kuta mbili zinazokutana kwenye kona huvutana kuelekea pande tofauti. Ufa wa kwanza hufunguka kwenye kona hiyo, wima, kuanzia juu. Baada ya hapo kila ukuta husimama peke yake, huanza kuyumba, kisha huangukia nje, na paa ambalo lilikuwa limelazwa tu juu yake hushuka ndani. Kwa hiyo mara nyingi nyumba hizi hufa kwa kukosa kiungo, hata pale ambapo udongo wenyewe ulikuwa mzuri.

Ukijua hivyo, tiba haiwi fumbo. Mkanda wa mbao au wa zege lenye nondo huzungushwa juu ya milango na madirisha, yaani renta kwa lugha ya mafundi, na mwingine juu kabisa ya kuta, nayo ikifungwa kwenye kona ili kuta zote zishikane. Boriti za paa hufungiwa kwenye mkanda huo kwa vyuma. Katika kuta za mawe zenye tabaka mbili, ambazo hutengana katikati na kufura kabla ya kuanguka, mawe marefu hupitishwa kutoka uso mmoja hadi mwingine ili kuzikaza. Kwa matofali mabichi, wahandisi wa Peru wamefanya majaribio kwa miaka mingi katika meza za kutikisia, wakifunika kuta pande zote mbili kwa wavu wa plastiki unaofungwa kwa nyuzi zinazopenya ukuta na kupigwa lipu juu yake. Ukuta hupasuka, lakini vipande havidondoki. Lengo hapa ni watu watoke wakiwa hai, hata kama nyumba itabomolewa kesho yake. Asiyekubaliana na lengo hilo aseme, kwa sababu tusipolitaja tutazozana bila kujua tunapimana kwa kipimo gani.

Paa za udongo zinazoongezewa tabaka kila zinapovuja nazo zipunguzwe. Ni kazi ya jembe na mikono, na hakuna hatua ya bei nafuu kuliko hiyo.

Mchangiaji wa tatu

Suala la fedha msiliruke. Baada ya tetemeko la Aprili 25, 2015, ambalo pamoja na mitikisiko iliyofuata liliangusha kabisa karibu nyumba 500,000, serikali ya Nepal ilitoa rupia 300,000 kwa aliyejenga upya, na 100,000 kwa nyumba iliyohitaji kuimarishwa. Si ajabu kwamba wengi walitaka kuhesabiwa katika kundi la kwanza. Wengine walijenga chumba kimoja au viwili ili kutimiza masharti ya ruzuku, wakaendelea kupikia na kuhifadhi nafaka, na hata kulala, katika nyumba ya zamani iliyopasuka. Ndugu mchangiaji wa kwanza, hiyo ndiyo nyumba yako mpya ndogo. Imesimama, lakini wenyewe wako kwingine.

Mtoa hoja

Nashukuru kwa michango yote. Tofauti iliyotajwa na mchangiaji wa kwanza naikubali iingie ndani ya hoja: nyumba zigawanywe kwa namna kuta zake zilivyoshikana, na zile za mawe ya mviringo kwa tope, zenye ghorofa mbili na kuta zilizofura, zisipewe fedha ya kuimarishwa mpaka ghorofa ya juu iteremshwe. Vivyo hivyo pembetatu ya mawe inayofunga paa kwenye ncha za nyumba, ambayo mara nyingi huwa ya kwanza kuanguka, ibomolewe na nafasi yake ichukuliwe na mbao au mabati kabla ya shilingi, rupia au dirham yoyote kutumika mahali pengine.

Lakini hoja ya usalama wa kudhaniwa haiihusu nyumba ya jadi peke yake. Nchini Haiti, Januari 12, 2010, watu walikuwa na imani na zege, na zege lililopungukiwa saruji na nondo likawaangukia, wakati nyingi kati ya nyumba za mbao za zaidi ya miaka 100 mjini Port-au-Prince zilibaki wima. Mkanda uliofichwa chini ya lipu hauonekani. Nondo iliyofichwa ndani ya nguzo nayo haionekani. Ndiyo maana naona tumebakiwa na swali ambalo hakuna aliyeligusa, nalo ningependa wachangiaji wanaofuata waanze nalo: nani atakagua kazi kabla lipu haijapigwa, na nyumba iliyoimarishwa kwa fedha za umma ikianguka, nani atawajibika: fundi, mwenye nyumba, au aliyetia saini malipo?