Gurudumu la mbele kushoto linachemka na pedi ya ndani imeisha: ni lazima ninunue kalipa nzima?

Mkazi wa Umoja
Hamjambo wenzangu. Nikitoka mjini jioni kwa Jogoo Road, rimu ya mbele kushoto inakuwa moto haishikiki, na gari linavuta upande huo. Ya kulia haina neno. Fundi amekuta pedi ya ndani imebaki chuma, ya nje bado nene. Anasema nikanunue kalipa, kile chombo kinachobana pedi kwenye diski, huko Kirinyaga Road. Pesa ni za kubana, na gari hili ndilo linapeleka watoto shule. Hakuna namna ya kuihudumia?

Fundi wa Grogan
Usinunue kwanza. Kalipa yako inaonekana ni ile yenye pistoni upande wa ndani tu. Ukikanyaga breki, mafuta ya breki yanaisukuma pistoni, nayo inabana pedi ya ndani kwenye diski. Hapo mwili wa kalipa unateleza juu ya pini mbili na kuivuta pedi ya nje. Pini zikikwama, ya ndani inabeba kazi yote.

Pistoni nayo haina springi ya kuirudisha. Kuna sili ya mpira imeizunguka: ukikanyaga inajipinda, ukiachilia inajinyoosha na kuirudisha kidogo mno. Kifuniko cha vumbi kikichanika, matope yetu haya yanaingia na kutu inaishika.

Piga jeki, weka stendi, kanyaga uachilie, kisha zungusha gurudumu kwa mkono. Likiwa gumu, legeza niplo ya kutolea hewa iliyo kwenye kalipa. Likiachia papo hapo, presha ilinaswa, na mara nyingi ni paipu ya mpira imeziba ndani. Likibaki gumu, tafuta kwenye pini au pistoni.

Mama Tasha
Na tafadhali kaka, usikubali grisi ya beringi kwenye pini. Inavimbisha mpira na pini zinakwama upya. Dai grisi ya silikoni ya breki.

Mkazi wa Umoja
Asanteni sana. Tumelegeza niplo, likabaki gumu. Kalipa ilipofunguliwa, pini ya chini haisogei kabisa. Pistoni inarudi vizuri ikibanwa na klampu.

Fundi wa Grogan
Basi kalipa yako ni nzima. Ichomoe pini kwa kuizungusha polepole, safisha kutu kwenye tundu lake, paka grisi kiasi, badilisha vifuniko vya mpira. Ikiwa pini imeliwa na kutu, nunua pini peke yake. Kalipa isining'inie kwa paipu yake. Ifunge kwa waya. Pedi mpya weka kushoto na kulia pamoja, na upime diski: unene wa mwisho unaoruhusiwa huwa umeandikwa juu yake. Kabla ya kuondoa gari, kanyaga breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Hili mtu akilisahau, breki ya kwanza inazama mpaka chini.

Dereva wa Mai Mahiu
Mafuta ya breki pia yabadilishwe, maana yamechemshwa sana. Yananyonya unyevu: kiwango cha DOT 4, daraja mojawapo la mafuta ya breki, kinataka yachemke si chini ya nyuzi 230 yakiwa mapya, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho ni 155 tu. Ukiteremka ule mteremko wetu na mafuta machovu, yanatoa mvuke na kanyagio linakuwa laini. Miaka 2 ikifika mimi hubadilisha, hata kama yanaonekana safi.

Mkazi wa Umoja
Nimeelewa. Kesho naenda kutafuta pini, vifuniko na grisi ya silikoni. Pedi nitachukua za pande zote mbili.