Mrejesho: usingizi kwa mtu mzima mwenye Tetralojia ya Fallot

Wakuu, niliuliza jinsi ya kumpa usingizi mtu mzima ambaye hajawahi kurekebishwa Fallot (kasoro ya moyo ya kuzaliwa nayo: tundu kati ya vyumba vya chini vya moyo, na njia finyu ya damu kwenda mapafuni), hematokriti (kiwango cha seli nyekundu kwenye damu) 62%. Asanteni sana; moyo umerekebishwa na mrija wa kupumulia umeshatolewa.

Dripu ilianza mara tu alipoanza kufunga, maana damu nzito hivyo maji yakipungua huganda. Viputo viliondolewa kwenye kila mrija wa dripu: kimoja kikipita tundu la moyo kinaweza kufika ubongoni. Dawa ya usingizi ilikuwa ketamini 1.5 mg/kg, polepole. Presha iliposhuka, oksijeni ya damu ilishuka nayo hadi 68%. Fenilefrini (dawa ya kubana mishipa) mikrogramu 100 pamoja na maji vikairudisha. Kumpa oksijeni peke yake kusingetosha, kwa kuwa damu ilikuwa inayakwepa mapafu. Na tafadhali msiitegemee kapnografu (kipimo cha kaboni dioksidi kwenye pumzi): hapa inasoma kaboni dioksidi chini ya ile ya kwenye ateri, kwa hiyo pimeni gesi za damu.

Kazi ngumu hasa ni baada ya kutoka kwenye mashine ya moyo na mapafu. Ventrikali ya kulia (chumba cha chini cha moyo kinachosukuma damu mapafuni) ni nene na ngumu, inataka kujazwa vizuri. Ilisaidiwa na milrinoni (dawa ya kuupa moyo nguvu) 0.5 mcg/kg kwa dakika na presha ndogo ya kupumulisha. Asidi ya traneksamiki (dawa ya kupunguza kuvuja damu) ilianza kabla ya kupasua, kwani wagonjwa hawa huvuja damu sana.