Sindano inaruka kwenye santuri (LP) zilizopinda, naombeni ushauri wakuu

Mtoto wa Dansi: Wakuu habari za jioni. Nina kicheza santuri Technics SL-1200MK2, mzee kaniachia LP zake za dansi na taarab, nyingi zimepinda kidogo maana zilikaa stoo ya bati. Nimefunga kateriji (kichwa kinachobeba sindano) ya zamani ya gramu 6, laini sana, ulaini wake umeandikwa 30. Santuri ikizunguka wufa (spika za besi) zinaingia na kutoka kama zinapumua hata wimbo haujaanza, ikifika palipopinda sindano inaruka. Fundi kasema niweke sarafu juu ya hedisheli (kipande cha mbele ya mkono kinachoshika kateriji), nimeweka ya gramu 4 nikabalansi upya nyuma, mgandamizo wa sindano ukabaki gramu 1.5, ila ndo imezidi. Nakosea wapi? Hizi santuri sizipati tena.

Kigoda: Ongeza mgandamizo mkuu, peleka gramu 3 haitaruka.

Fundi Ampu: Hapana jamani, kateriji laini ukiipa 3 kijiti cha sindano kinalala, tumbo lake linasugua santuri za mzee. Toa sarafu kwanza. Iko hivi, sindano imeshikwa na kampira, hako ndo springi, na mkono pamoja na kateriji ndo mzigo uliokaa juu yake, sasa ulipobalansi nyuma ulirekebisha mgandamizo tu, ule mzigo wenyewe wa kurushwa juu na chini umeuongeza. Piga hesabu: mkono 12, kateriji 6, sarafu 4, ni 22, mara 30 ni 660, tafuta kipeuo cha pili, halafu 159 gawa kwa hicho, unapata kama hezi 6, yaani mara ambazo mkono unapenda kuyumba kwa sekunde. Na mipindo ya LP inasukuma kuanzia nusu hezi mpaka hapohapo kwenye 6, kwa hiyo kila pindo linaukuta mkono uko tayari kuyumba. Lenga hezi 8 mpaka 12.

Dada Santuri: Ila sarafu si uongo, mimi natumia kateriji ya Denon DL-103, ile ni ngumu, inataka mkono mzito. Kwako haifai.

Mtoto wa Dansi: Nimetoa, wufa zimetulia kiasi ila LP moja bado inaruka.

Fundi Ampu: Bado uko kama hezi 6.8. Tafuta kateriji ya Ortofon 2M Red, gramu 7.2, ulaini 20, na skrubu zake unafika hezi 8. Mgandamizo weka gramu 1.8.

Mtoto wa Dansi: Asante sana mkuu, ile inayoruka naiweka kando mpaka niipate.