Binti ana karibu A tupu, kipato chetu kidogo: QuestBridge inaombwaje?

MjombaColumbus
Wakuu, habari za kwenu. Mpwa wangu, binti wa dada, yuko darasa la 11 hapa Columbus, Ohio. Alama zake karibu zote ni A, na anasoma AP (masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari) ya kemia na ya hesabu. Baba yake alifariki, mama yake bado yuko kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Binti alikuja kama mkimbizi, sasa ana green card (kibali cha ukaazi wa kudumu) na anaishi kwangu. Mimi ni mtu wa ghalani, nina watoto wanne, na kwenye fomu ya kodi ya mwaka tunaandika kipato cha kama dola 41,000. Mwalimu wake ametaja QuestBridge, mpango wa kuwaunganisha wanafunzi wa kipato kidogo na vyuo. Inalipa nini, inaanza lini, na fomu za fedha nijaze mimi au mama yake?

Kaunsela_K
Mkuu, anayepata kile wanachokiita Match, yaani kuunganishwa na chuo kinachomchukua, hulipiwa miaka 4: ada, malazi, chakula, vitabu na nauli, bila mkopo na bila mzazi kuchangia. Vyuo washirika ni zaidi ya 50, kuanzia MIT, Yale na Rice hadi Oberlin na Denison vilivyo hapo hapo Ohio. Kuomba ni bure. Kwa familia ya watu 4 wanatazama kipato cha chini ya dola 65,000 hivi, kwa hiyo nyinyi mmo.

Kwa darasa la 11 kuna College Prep Scholars, mpango wa maandalizi wa QuestBridge hiyo hiyo, mwisho wake Machi. Aiombe hata kama hana uhakika, kwani akikosa haimzuii kuomba mwaka unaofuata. Fomu kubwa ni ya darasa la 12: inafunguliwa kiangazi, inafungwa mwishoni mwa Septemba. Finalisti, yaani waliopita mchujo wa kwanza, hutangazwa Oktoba, nyaraka za kila chuo ni Novemba 1, majibu ya Match Desemba 1.

Kinachoangusha wengi ni barua za walimu. Zinatakiwa mbili, pamoja na ripoti ya kaunsela, na Septemba kila mtu shuleni kazidiwa. Awaombe walimu mwezi Mei, kabla hawajaenda likizo, na awape ukurasa mmoja wa kuwakumbusha kazi zake. Barua inayosema "ni mwanafunzi mwenye bidii" haimsaidii. Inayomsaidia ni ile inayoeleza kwamba alirudia jaribio la kemia la titresheni mara tatu kwa sababu namba zilikataa, akagundua bureti, mrija wa kupimia, ilikuwa na kiputo cha hewa.

MamaFomu
Kaka, kazi iko kwenye ulezi. Kwa FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa fedha za chuo, mjomba si mzazi, hata kama umemlea tangu mchanga. Usijiandike kwenye nafasi ya mzazi. Ukifanya hivyo fomu inakuwa na taarifa zisizo sahihi, na kuisafisha ni safari ndefu.

Kama mahakama ilikupa ulezi wa kisheria, ajibu "ndiyo" kwenye swali hilo, atahesabiwa anajitegemea na taarifa za mzazi hazitatakiwa. Karatasi ya notari peke yake haitoshi, iwe amri ya mahakama. Kama amri hamna, ajibu "ndiyo" kwenye swali la mazingira yasiyo ya kawaida. Hadhi ya ukimbizi imetajwa humo waziwazi. Atapewa hadhi ya kujitegemea ya muda, kisha chuo kitaomba ushahidi na kuamua.

CSS Profile, fomu ya ziada ya fedha inayodaiwa na baadhi ya vyuo, ni habari nyingine, kila chuo kina kanuni zake na vingine vitamuulizia mama. Mama aandike barua kwa Kiswahili kuhusu hali na kipato chake, atie saini au dole gumba, mwiambatanishe na tafsiri ya Kiingereza na picha ya karatasi ya usajili ya UNHCR. Na zile pesa mnazomtumia kila mwezi ziandikeni kwenye sehemu ya maelezo maalumu. Tunzeni stakabadhi kuanzia leo. Ofisi ya misaada haiwezi kukisia.

Kagueni pia majina. Kadi ya Social Security (hifadhi ya jamii) ikisema Neema Furaha na fomu ikisema Furaha Neema, FAFSA haitamtambua. Tarehe ya kuzaliwa vilevile: wakimbizi wengi waliandikiwa Januari 1. Kama ndiyo iliyoko Social Security, itumike hiyo kila mahali.

Mto_Scioto
Nyongeza kuhusu Match. Finalisti anapanga vyuo hadi 15 kwa mfuatano wa anavyovipenda, na vingi vinafunga: kikimchukua, ndicho anachokwenda. MIT na Yale havifungi. Asiweke chuo asichokitaka eti ajaze nafasi.

Na mjue mapema kwamba finalisti wengi hawapati Match, pamoja na A zao. Wanaomba tena kwenye duru ya kawaida, ile ya waombaji wote, na vyuo vingi kati ya hivyo bado hutoa msaada mkubwa. Insha za duru hiyo ziandikwe Novemba. Akingoja jibu la Desemba 1 atabaki na mwezi mmoja tu, na mitihani ya shule iko hapo katikati.

MjombaColumbus
Asanteni sana. Amri ya mahakama hatuna, kwa hiyo tutafuata njia ya pili. Je, SAT, ule mtihani wa kuombea chuo, nalipia?

Kaunsela_K
Hapana. Anayestahili chakula cha bure shuleni hupata SAT mbili bila malipo, msamaha anauomba kwa kaunsela wake. Usiiache, maana MIT inadai SAT au ACT, mtihani mwingine wa aina hiyo. Ya kwanza afanye masika haya, ya pili Agosti.